Kulitambua Gurudumu la Kusokotea Uzi Kabla ya Kulinunua

Mtu anayetafuta gurudumu la kusokotea uzi kwa mara ya kwanza hukutana na maumbo mengi yasiyofanana: moja dogo linalofungika kama mkoba, jingine kubwa kumpita mtu kifuani, jingine la miguu mitatu lililoinama kama mbuzi ya kukunia nazi, na jingine lisilo na gurudumu kabisa bali mota tu. Ni rahisi kuyapanga kwa sura, na hapo ndipo makosa ya ununuzi yanapoanzia, kwa sababu sura ya gurudumu haisemi mengi kuhusu uzi litakaoutoa. Yanayolitofautisha gurudumu moja na jingine ni mambo mawili: namna uzi unavyopata msokoto, na namna uzi uliokwisha kusokotwa unavyoviringishwa ili kupisha mwingine. Anayeyaelewa mambo hayo anaweza kulikabili gurudumu asilowahi kuliona na, baada ya dakika tano, kujua linafaa kwa kazi gani.

Mwongozo huu unamlenga mtu ambaye tayari ana malighafi mkononi, iwe sufu ya kondoo wa nyanda za juu za Kenya au pamba ya Simiyu na Shinyanga, na ambaye anataka kununua gurudumu au kulitengenezesha kwa fundi. Kwa kuwa viungo vingine vya chombo hiki havina majina yaliyozoeleka katika Kiswahili, nitatumia maneno ya kawaida na kuyashikilia hadi mwisho. Kijiti ni kile chembamba chenye ncha kinachozunguka, hata kikiwa cha chuma. Uma ni kipande chenye mikono miwili kinachozunguka huku kikiikumbatia bobini. Bobini ni ileile wanayoijua washonaji, ila hapa ni kubwa zaidi. Puli ni kigurudumu kidogo chenye mfereji, na ukanda ni kamba inayotoka kwenye gurudumu kubwa kwenda kwenye puli.

Hatua ya kwanza: sokota kwa vidole

Kabla ya kutazama chombo chochote, chukua pamba iliyochambuliwa kiasi cha kujaza kiganja, ivute taratibu kwa mkono mmoja, na huku ukivuta izungushe kwa vidole vya mkono wa pili. Utaona kuwa pamba iliyovutwa bila kuzungushwa hukatika, na iliyozungushwa kabla ya kuvutwa hugoma kurefuka. Kisha utagundua tatizo la tatu: kipande cha uzi kikifikia urefu wa mkono, hakina pa kwenda, na ukikiachia kinajifumua. Kuvuta, kuzungusha na kuviringisha ndizo kazi tatu za kusokota, na kila gurudumu duniani ni jibu la jinsi ya kuzifanya kwa haraka zaidi.

Jibu la kwanza lilikuwa kijiti chenye uzito wa mviringo uliotobolewa katikati, ambao kazi yake ni kukifanya kiendelee kuzunguka kama pia wanayoichezea watoto. Pwani yetu ilikijua chombo hicho vizuri. Katika magofu ya Kilwa wanaakiolojia wamefukua uzito wa namna hiyo kwa wingi, mwingi wake ukiwa umetengenezwa kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikasuguliwa hadi kuwa duara na kutobolewa katikati. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuwa nguo zilizofumwa katika mji huo zilikuwa zikipelekwa hadi Misri. Lakini kijiti kinachozungushwa kwa vidole huzunguka kwa muda mfupi tu kabla ya kuhitaji kusukumwa tena. Gurudumu liliondoa kero hiyo kwa kukilaza kijiti, kukifunga mahali pamoja, na kukizungusha kwa ukanda.

Hatua ya pili: pima urefu wa malighafi yako

Chomoa unyuzi mmoja wa malighafi yako, unyooshe juu ya rula, uandike urefu wake. Fanya hivyo kwa nyuzi kumi zilizotoka sehemu mbalimbali za furushi. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi hununua gurudumu kwanza, kisha hutafuta cha kusokota, na baadaye huamini kwamba mikono yao haifai, ilhali ni chombo na malighafi visivyopatana.

Unyuzi wa pamba kwa kawaida hauzidi sentimita 3. Kwa ufupi huo, pamba haishikamani mpaka ipate msokoto mwingi sana, na haivumilii kuvutwa kwa nguvu na chombo. Unyuzi wa sufu ya kondoo aina ya Corriedale, ambao wanafugwa sana na wakulima wa Kenya, hufika sentimita 8 hadi 12, na una mawimbi yanayoufanya ushikane na wenzake kwa urahisi, kwa hiyo huhitaji msokoto mchache zaidi. Sufu ya Merino ni laini na nyembamba zaidi, nayo huhitaji msokoto mwingi kuliko Corriedale. Kitani, kinachotokana na shina la mmea, huwa na nyuzi ndefu kupita mkono wa mtu mzima. Huko Ulaya zilifungwa kwenye fimbo iliyosimamishwa kando ya gurudumu, na msokotaji akalowesha vidole kwa maji ili uzi utoke laini.

Kwa hiyo andika pembeni: ufupi wa unyuzi unadai mwendo wa kasi na mvuto mdogo, na urefu wa unyuzi unaruhusu mwendo wa polepole na mvuto mkubwa. Hatua zote zinazofuata zitarudi kwenye sentensi hiyo.

Hatua ya tatu: tazama uzi unapopokelewa

Simama mbele ya gurudumu, mahali pa msokotaji, uulize swali moja tu: uzi unapokewa na ncha, au unaingia kwenye tundu? Jibu hugawa magurudumu yote katika koo mbili.

Penye ncha, uzi hausokotwi na kuviringishwa kwa wakati mmoja. Msokotaji huushika uzi ukielekea upande uleule ambao ncha inaelekea, na kila kijiti kinapozunguka mara moja, uzi huteleza juu ya ncha na kuongezewa msokoto mmoja. Uzi ukishakuwa mrefu kiasi cha mkono kuruhusu, msokotaji husimama, huzungusha gurudumu nyuma kidogo ili kuufungua uzi uliojizungusha karibu na ncha, kisha huupeleka mkono pembeni hadi uzi na kijiti vifanye pembe mraba, na hapo kijiti kinapozunguka huuviringisha badala ya kuusokota. Halafu anaanza tena. Huu ndio mfumo wa zamani zaidi. Mchoro uliotoka Baghdad mwaka 1237 ni miongoni mwa michoro ya mapema kabisa inayoonyesha gurudumu la kusokotea waziwazi.

Charkha ya Uhindi ni ya ukoo huu. Jina hilo linatokana na neno la Kiajemi charkh, yaani gurudumu, na ndilo neno lililotupa cherehani. Kwa hiyo mshonaji wa Kariakoo na msokotaji wa Gujarat hutaja vyombo vyao kwa neno la asili moja. Charkha ya kijijini hukaa sakafuni, gurudumu lake likizungushwa kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukiivuta pamba. Mohandas Gandhi alipoufanya uzi wa mkono kuwa sehemu ya harakati za uhuru, alitaka chombo ambacho mtu angeweza kusafiri nacho na ambacho fundi wa kijiji angeweza kukitengeneza. Mwaka 1929 chama cha wasokotaji alichokianzisha kilitangaza zawadi ya rupia 100,000 kwa atakayebuni charkha bora ya kutumika katika nyumba ya kijijini. Katika miaka hiyo ndipo ilipoenea charkha ya sanduku, yenye magurudumu mawili yaliyolala: kubwa huendesha dogo, na dogo huendesha kijiti. Kwa kupandisha kasi kwa hatua mbili namna hiyo, mzunguko mmoja wa mkono hukifanya kijiti kizunguke karibu mara 100. Kwa pamba, sijui chombo cha nyumbani kinachofaa zaidi.

Gurudumu kubwa la Ulaya hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, ila lilikuzwa kwa ajili ya sufu. Kipenyo chake hupita mita 1, na mara nyingi hufika mita 1.2 au zaidi. Msokotaji husimama, hulisukuma kwa mkono mmoja na kurudi nyuma hatua kadhaa huku akivuta sufu, kisha husonga mbele uzi ukiviringishwa, hivyo kwamba siku nzima ya kusokota ni siku nzima ya kutembea. Uzi wake haukuaminiwa mara moja. Kanuni za wauza nguo wa mji wa Speyer, Ujerumani, mwaka 1280 ziliuruhusu uzi wa gurudumu utumike kwa mshindio, yaani nyuzi zinazopitishwa kwa upana wa kitambaa, lakini si kwa mtande, yaani nyuzi za urefu. Mfumaji yeyote ataona sababu yake: nyuzi za mtande hukazwa na kusuguliwa muda wote kitambaa kinapofumwa, na uzi uliosokotwa upesi bila uangalifu hukatikia hapo.

Ikiwa huna fedha za gurudumu la kununua, ukoo wa ncha ndio unaotengenezeka kwa fundi wa mtaani. Rimu ya baiskeli namba 26, ikivuliwa tairi, ina kipenyo cha takriban sentimita 56, na habu yake yenye beringi huzunguka kwa ulaini ambao seremala angehangaika kuupata kwa mbao. Mfereji wa rimu hupokea ukanda bila marekebisho. Kijiti kinaweza kuwa sindano ya chuma ya kufumia sweta, ikapitishwa katika vipande viwili vya ngozi ngumu vilivyotobolewa, na puli yake ikawa kipande cha mti laini cha kipenyo cha sentimita 2. Mwambie fundi jambo moja kwa msisitizo: sindano lazima iwe imenyooka kabisa, kwa sababu kijiti kilichopinda hutikisa uzi kwenye ncha na kuukata kila mara, na hakuna ustadi wa mikono unaoweza kulirekebisha hilo.

Ukoo wa pili, wa tundu, ulitokea Ulaya baadaye. Mchoro wa uma wake unaonekana katika hati ya mkono ya Ujerumani ya karibu mwaka 1480. Uzi huingia kwenye tundu lililo mbele, hutokea pembeni, hupita juu ya kulabu zilizopangwa kwenye mkono wa uma, kisha hushuka kwenye bobini. Uma unapozunguka huongeza msokoto, na kwa kuwa bobini haizunguki kwa kasi ileile ya uma, uzi hujiviringisha papo hapo. Kazi mbili zinafanyika pamoja, msokotaji hasimami, na kanyagio lilipoongezwa mikono yote miwili ilibaki huru kuvuta malighafi. Kulabu ni nyingi kwa sababu uzi hujazana sehemu moja tu ya bobini, hivyo ni lazima msokotaji auhamishe kutoka kulabu moja hadi nyingine. Leonardo da Vinci alichora uma wenye kuusambaza uzi wenyewe, lakini magurudumu mengi yanayouzwa leo bado hutumia kulabu, na mengine huwa na kipete kinachoteleza kwenye mkono wa uma.

Hatua ya nne: fuata ukanda, kisha tafuta breki

Hatua hii ni kwa magurudumu ya uma pekee, na ndiyo ninayoiomba isomwe kwa utulivu kuliko zote, kwa sababu magurudumu mawili yanayofanana kama mapacha yanaweza kutofautiana hapa tu, na tofauti hiyo ikaamua kama utasokota uzi mwembamba wa shali au uzi mnene wa zulia. Nimesema kwamba uzi hujiviringisha kwa sababu uma na bobini havizunguki kwa kasi moja. Swali ni nani anayemwacha mwenzake, na kwa nini.

Zungusha gurudumu polepole kwa mkono, ukifuata ukanda kwa macho. Ukiona mistari miwili ya kamba inayokwenda mbele na miwili inayorudi, huo ni mfumo wa ukanda maradufu. Kwa kweli ni kamba moja tu iliyozungushwa mara mbili: mzunguko mmoja unaendesha puli ya uma, na wa pili unaendesha puli ya bobini. Puli ya bobini ina kipenyo kidogo zaidi, kwa hiyo bobini hukimbia kuliko uma na kuuvuta uzi. Hakuna breki. Ukitaka mvuto uongezeke, unakaza skrubu inayosogeza kichwa cha gurudumu, yaani sehemu inayoshikilia uma na bobini, mbali na gurudumu kubwa, na ukanda unakazika. Mfumo huu, ukishawekwa sawa, hutoa uzi unaolingana mwanzo hadi mwisho, na nauheshimu sana kwa sababu hiyo. Lakini humtaka mtu awe na kamba isiyovutika, ya pamba au kitani, na subira ya kuukaza kidogo kidogo. Linganisha puli hizo mbili kwa kidole. Zikiwa sawa au karibu sawa, uzi hautavutwa ipasavyo, na bobini hiyo huenda ilitoka kwenye gurudumu jingine.

Ukiona mstari mmoja tu wa ukanda, angalia unapita kwenye puli ya nani. Ukipita kwenye puli ya uma, basi uma ndio unaoendeshwa, na bobini hufuata kwa kuburutwa na uzi. Tafuta uzi mwembamba au utepe unaopita juu ya mfereji wa bobini, ukiwa na springi upande mmoja na kigingi cha kuzungusha upande wa pili. Hiyo ndiyo breki, na mfumo huu huitwa wa Kiskoti. Breki ikiizuia bobini kidogo, uma unauviringisha uzi kuizunguka. Uzuri wake ni kwamba kigingi kikizungushwa kwa kiasi kidogo sana, mvuto hubadilika kwa kiasi kidogo sana. Unaweza kuulegeza kiasi cha kusokota Merino nyembamba, kisha ukaukaza kwa uzi wa sweta. Usumbufu wake ni kwamba bobini inapojaa huwa nzito na mvuto hupungua, hivyo lazima ukumbuke kukaza breki kila baada ya muda. Kwa anayeanza na sufu, ningeshauri mfumo huu bila kusita.

Ukanda ukipita kwenye puli ya bobini, mambo yamegeuka. Bobini ndiyo inayoendeshwa, uma hufuata, na breki ni mkanda mdogo wa ngozi unaokandamiza shingo ya uma karibu na tundu. Huu huitwa mfumo wa Kiayalandi, na gurudumu la Louët S10 la Uholanzi ni mfano wake unaojulikana sana. Huvuta kwa nguvu. Uzi mnene, uzi wa zulia, na kazi ya kusokota pamoja nyuzi mbili zilizokwisha kusokotwa, yote huyamudu kwa urahisi, na viungo vyake ni vichache kiasi kwamba hakuna mengi ya kuharibika. Lakini pamba, yenye unyuzi wa sentimita 3, itanyakuliwa mkononi kabla haijapata msokoto. Baadhi ya mashine za umeme za kusokotea hutumia mfumo huu na nyingine wa Kiskoti. Mota imechukua nafasi ya gurudumu na kanyagio tu, kwa hiyo usimalize kumsikiliza muuzaji akisifu mota kabla hujatafuta breki iko wapi.

Kuna magurudumu yanayokubali mifumo miwili au mitatu kwa kuhamisha ukanda na breki. Muuzaji akisema hivyo, mwombe akuonyeshe mabadiliko hayo kwa mikono yake.

Hatua ya tano: hesabu mizunguko

Funga uzi wa rangi kwenye mkono mmoja wa uma, au kwenye kijiti ikiwa gurudumu ni la ncha. Weka alama ya chaki juu ya gurudumu kubwa. Lizungushe mara moja kamili huku ukihesabu uzi wa rangi unapita mara ngapi. Idadi hiyo ndiyo uwiano wa gurudumu. Unaweza pia kugawanya kipenyo cha gurudumu kwa kipenyo cha puli: gurudumu la sentimita 56 likiendesha puli ya sentimita 7 hutoa mizunguko 8, na rimu ya baiskeli tuliyoitaja, ikiendesha puli ya sentimita 2, hutoa 28. Napendelea kuhesabu kwa sababu ukanda unaoteleza hauonekani kwenye rula.

Sasa ugeuze uwiano huo kuwa kazi. Uzi wa sufu wa unene wa wastani unaridhika na misokoto kama 2 kwa kila sentimita. Kwa uwiano wa 8, kila ukikanyaga mara moja unapata misokoto 8, yaani unaweza kuachia sentimita 4 za uzi ziingie, mwendo ambao mguu wa kawaida unaumudu siku nzima. Uzi mwembamba wa pamba unaweza kudai misokoto 8 kwa sentimita moja. Kwa gurudumu lilelile ungelazimika kukanyaga mara moja kwa kila sentimita, na mita moja ya uzi ingekugharimu mikanyago 100. Charkha yenye uwiano wa 100 huimaliza mita hiyo kwa mizunguko 8 ya mkono. Hesabu hiyo fupi ndiyo inayoeleza kwa nini Wahindi na Waulaya, waliokuwa na malighafi tofauti, waliishia na vyombo tofauti, na kwa nini gurudumu zuri la sufu linaweza kumkatisha tamaa msokotaji wa pamba.

Magurudumu mengi ya uma huwa na puli yenye mifereji miwili au mitatu ya ukubwa tofauti. Uwiano wa 6 hadi 12 unatosha kwa mwenye sufu na ambaye bado anajifunza. Anayetaka uzi mwembamba atafute puli inayofika 15 na kuendelea.

Hatua ya sita: umbo na kanyagio

Hapa hapahitaji maneno mengi. Gurudumu lililolala, lenye kichwa upande mmoja na gurudumu upande wa pili juu ya ubao ulioinama, huitwa la Saksoni. Kampuni ya Ashford ya New Zealand, iliyoanzishwa mwaka 1934, inajulikana kwa gurudumu la namna hiyo, ambalo huuzwa pia likiwa vipande ili mnunuzi aliunge mwenyewe. Gurudumu lililosimama, kichwa kikiwa juu ya gurudumu, huchukua nafasi ndogo sakafuni na linafaa katika chumba kidogo. Yote mawili yanaweza kuwa na mfumo wowote kati ya mitatu tuliyoieleza.

Kanyagio moja humwachia msokotaji mguu mmoja upumzike, na makanyagio mawili hugawa kazi na kuurahisishia mgongo. Keti kwenye kiti utakachokitumia nyumbani. Ikiwa goti linapanda juu kuliko nyonga, kiti ni kifupi mno, na baada ya saa moja utalijua hilo kiunoni.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya kulipa

Kwanza, jihadhari na magurudumu ya mapambo. Yametengenezwa kupamba sebule na baadhi yake huuzwa kama ya kale. Uma wake hauzunguki huru, bobini haitoki, au puli zote zina ukubwa mmoja. Ukiomba kuitoa bobini na muuzaji akakuambia usiiguse, nenda zako.

Kisha litazame gurudumu kwa nyuma likizunguka. Gurudumu linaloyumba kushoto na kulia litautupa ukanda nje kila mara. Mfereji wa gurudumu na mfereji wa puli lazima viwe katika mstari mmoja. Weka jicho nyuma ya gurudumu uone. Ondoa ukanda na ulisukume gurudumu peke yake: linapaswa kuzunguka kwa muda na kusimama taratibu bila kukwaruza. Pitisha kidole ndani ya tundu na juu ya kila kulabu, kwa kuwa ukwaruzo mdogo usioonekana hukamata sufu na kuizuia isiingie. Uliza bobini ziko ngapi. Zinatakiwa zisipungue 3, mbili za kusokotea na moja ya kuunganishia, na uhakikishe zote zinaingia kwenye uma huo, maana bobini za magurudumu tofauti mara nyingi haziingiliani.

Mwisho, keti ukanyage bila uzi kwa dakika kadhaa, ukijaribu kuliendesha polepole kadiri uwezavyo bila gurudumu kurudi nyuma. Usipoweza leo, si kosa la gurudumu. Mguu hujifunza baada ya siku chache. Lakini likikataa hata kwa muuzaji mwenyewe, fimbo inayounganisha kanyagio na gurudumu ina hitilafu. Kwa anayeweza kufika, vikundi vya wanawake wanaosokota sufu kwa mikono Nanyuki na Njoro hufanya kazi hii kila siku, na kuwatazama kwa saa moja kunafunza mambo ambayo maandishi hayawezi kuyafikisha.

Hatua ya nane: bobini ya kwanza

Tia tone la mafuta ya cherehani mahali pote panaposuguana: kwenye mhimili wa gurudumu, kwenye chuma kinachopita ndani ya bobini, na kwenye ngozi zinazoshikilia uma. Funga kwenye bobini uzi wa kuanzia wa urefu wa mita 1, uliotengenezwa kwa sufu, maana sufu hushikana na sufu mwenzake kuliko uzi laini wa dukani. Upitishe kwenye kulabu na uutoe kwenye tundu. Legeza mvuto hadi uzi uache kabisa kuingia, kisha uukaze kidogo kidogo mpaka uanze kuvutwa kwa upole. Hapo ndipo pa kuanzia.

Zungusha gurudumu kuelekea upande wa mshale wa saa, na ubaki na mwelekeo huo kwa uzi wote. Tandaza ncha ya sufu juu ya uzi wa kuanzia, subiri msokoto uikamate, kisha vuta kwa mkono wa nyuma huku vidole vya mbele vikiuzuia msokoto usipite kabla ya wakati. Uzi ukitengana polepole na kuachana, msokoto haujatosha: kanyaga zaidi au achia uzi taratibu. Uzi ukijipinda na kufanya vifundo kama mkia wa nguruwe mbele ya tundu, msokoto umezidi na mvuto ni mdogo: kaza breki kidogo au punguza mwendo wa mguu. Uzi ukikataa kuingia ghafla ilhali ulikuwa ukiingia, usiguse breki kwanza. Mara nyingi umeruka kutoka kwenye kulabu au umejisokota kwenye chuma. Unaponyakuliwa mkononi, legeza breki.

Bobini mbili zikishajaa, ziache usiku mmoja ili uzi utulie. Kesho yake weka bobini tupu kwenye uma, chukua ncha za nyuzi zote mbili kwa pamoja, na sasa zungusha gurudumu kinyume cha mshale wa saa. Msokoto wa pili utaondoa sehemu ya ule wa kwanza, na nyuzi zitakumbatiana badala ya kupigana. Utoe uzi huo kwenye bobini kwa kuuzungusha kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne kwa vipande vya uzi mwingine, uuloweke katika maji ya vuguvugu kwa dakika 20 bila kuusugua, kisha uutundike kivulini. Ukikauka, ushike kwa mkono mmoja uuache uning'inie. Ukijipinda wenyewe kuelekea upande wa msokoto wa pili, ulipokuwa ukiunganisha hukuzungusha vya kutosha, na bado waweza kuurudisha kwenye gurudumu ukauongezea.